Shingo iliyoumia ujanani hudai uzeeni



Mwezi Mei ukifika hapa Bariadi, kwa kawaida mizani ya pamba hufunguliwa na mji hubadilika sura. Malori hujipanga, na mchana kutwa utawaona vijana wa kupakia, wale tunaowaita makuli, wakipanda ubao ulioegemezwa kwenye lori, gunia limelala juu ya kisogo na mabega, macho yanatazama chini. Wengi hulipwa kwa gunia, siyo kwa saa, kwa hiyo hawatembei bali hukimbia. Ikitokea mmoja akateleza, gunia likamwelemea na kumpinda shingo, wenzake humvuta pembeni, jioni hukandwa kwa maji ya moto, na baada ya siku tatu utamkuta tena ubaoni. Ukimwuliza hali, atakujibu kuwa amepona.

Mazungumzo yetu ya leo yanahusu neno hilo, kupona. Mara nyingi ni kweli kabisa, maana wengi walioteguka shingo hawasumbuliwi tena mpaka wanaingia kaburini kwa sababu nyingine. Lakini wapo ambao shingo ilinyamaza tu. Ikanyamaza miaka 20 au 30, mwenyewe akaoa, akajenga, akapata wajukuu, halafu siku moja vidole vikaanza kukataa kazi. Hapo hakuna mtu nyumbani, hata mgonjwa mwenyewe, anayelikumbuka lile gunia.

Wala nisiwasingizie makuli peke yao. Shingo huumia kwa mtoto aliyeanguka kutoka juu ya mwembe, kwa mchungaji aliyerushwa na mkokoteni ng'ombe walipokurupuka, kwa mchezaji aliyegongana kichwa na mwenzake uwanjani, kwa abiria wa basi lililofunga breki ghafla. Siku hizi bodaboda nazo zimeongeza hesabu yake. Kofia ngumu, kwa wanaoivaa, huokoa fuvu, lakini haijatengenezwa kushika shingo. Watafiti waliopitia majalada ya waliovunjika uti wa mgongo katika hospitali ya KCMC kule Moshi, matokeo yakachapishwa mwaka 2017, waliona kuwa kuanguka ndiko kulikoongoza, ajali za barabarani zikafuata. Hao ni walioumia vibaya hadi kulazwa. Aliyeumia kidogo, akajifuta vumbi na kurudi nyumbani, haingii katika jalada lolote.

Hebu tuitazame shingo yenyewe. Sisi tunaopakana na Serengeti tumewazoea twiga, na ni ajabu ya Mwenyezi Mungu kwamba twiga na binadamu wana idadi moja ya pingili za shingo, yaani 7. Zake ni ndefu, zetu ni fupi, na juu ya zetu kumekaa kichwa chenye uzito wa kilo 4 na nusu hadi 5. Kati ya pingili na pingili pana kipande cha gegedu chenye majimaji ndani, madaktari hukiita diski, nacho hufanya kazi kama ile mipira inayowekwa kwenye springi za gari. Katikati ya pingili hizo pana tundu, na ndani ya tundu hilo hupita kamba ya mishipa ya fahamu inayotoka kwenye ubongo kwenda mikononi, kifuani, miguuni na hadi kwenye kibofu cha mkojo. Upana wa tundu hilo kwa mtu mzima ni wastani wa milimita 17 hivi. Likipungua chini ya milimita 13 huhesabiwa kuwa finyu. Ukiangalia rula ya mtoto wa shule utaona kwamba tofauti ya salama na hatari ni milimita 4.

Sasa umri unapokwenda, diski hukauka na kunyauka. Hilo humpata kila mtu, tajiri na maskini. Pingili zikishakosa mto wa kulalia husogeleana, na mwili, kwa nia njema, hujaribu kuzishikiza kwa kuotesha vichomozo vya mfupa pembeni. Kano zinazofunga pingili nazo huwa nene. Vyote hivyo vinakula nafasi ya lile tundu. Watu wengi waliopita miaka 60 wakipigwa picha ya shingo wataonekana na mabadiliko ya namna hiyo, na wengi wao hawaumwi kitu. Kwa hiyo mtu asije akaogopeshwa na picha peke yake.

Tatizo ni kwa yule aliyewahi kuumia. Diski iliyopasuka akiwa na miaka 22 huanza kunyauka mapema kuliko wenzake wa rika lake. Mfupa uliovunjika ukaunga kwa kupinda hauwezi tena kugawana mzigo sawasawa, hivyo pingili za juu yake na za chini yake hubeba ziada, siku baada ya siku. Kano iliyokatika nusu huacha pingili zikicheza. Umri unakuja kwa wote, lakini kwake unakuta kazi imekwisha anzwa.

Tuchukue mfano wa mzee wa miaka 58, aliyekuwa mpakiaji ujanani. Kwanza kikombe kinamponyoka. Watu wanacheka. Halafu anashindwa kufunga vifungo vya shati, anamwita mjukuu amsaidie. Akihesabu noti anachukua mbili akidhani ni moja. Usiku vidole vinakuwa na ganzi. Baada ya miezi anaanza kutembea miguu imeachana, kama mlevi, ingawa hajaonja hata kangara, na kwenye giza anashika ukuta. Akiinamisha kichwa kufunga viatu anasikia kitu kama shoti ya umeme ikishuka mgongoni. Mwishoni mkojo unamharakisha. Na hapa ndipo panapowapoteza wengi: ukimwuliza kama shingo inamuuma, anaweza kukujibu kwamba haimuumi hata kidogo. Kamba ya mishipa ya fahamu inaweza kubanwa taratibu bila maumivu ya shingoni.

Nyumbani watasema nini? Wa kwanza atasema ni uzee. Wa pili atasema ni kiharusi. Kiharusi, ndugu msikilizaji, kwa kawaida huja ghafla, katika dakika au saa chache, na mara nyingi hupiga upande mmoja wa mwili, uso ukiwamo. Huyu mzee wetu amepungua kidogo kidogo kwa miezi, mikono yote miwili, miguu yote miwili, na uso wake uko sawa. Ni vitu viwili tofauti. Aliyepooza ghafla anatakiwa hospitali saa hiyo hiyo, na anayepungua polepole naye asiachwe akae miaka.

Wa tatu, na huyu ndiye wa kuogopwa, atasema ni mkono wa mtu.

Katika Usukuma wetu neno hilo halijawahi kuwa la mzaha. Kwa miaka mingi vikongwe wa mikoa hii wameuawa kwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu, macho ambayo wameyapata kwa kupikia moto wa kuni na samadi katika nyumba zisizo na dirisha. Ugonjwa unaomla mtu mzima taratibu, usio na homa wala kidonda, na usioonekana katika kipimo cha malaria, ndio hasa unaotafutiwa mchawi. Mganga atapiga ramli, atataja mwelekeo wa nyumba ya jirani, na mambo yataharibika. Kama kuna sababu moja tu ya kuzungumza habari ya pingili za shingo katika redio, kwangu mimi ni hiyo.

Tusiwanyooshee kidole waganga peke yao, maana sisi wa mjini tuna wa kwetu. Nenda kwenye saluni yoyote ya kiume, hapa Bariadi, Mwanza au Dar es Salaam. Kijana akimaliza kukunyoa atakupaka spiriti, atakusugua mabega, halafu bila kukuuliza atashika kidevu kwa mkono mmoja na kisogo kwa mkono mwingine, na kwa mnyongo wa ghafla shingo italia "ka!" Wateja hufurahi na kusema uchovu umetoka. Ndugu zangu, huyo ni kinyozi. Hajui kama uliwahi kuanguka kwenye mkokoteni mwaka 1991. Ndani ya pingili za shingo, pande zote mbili, hupita mishipa ya damu inayolisha sehemu ya nyuma ya ubongo, na mnyongo wa ghafla umewahi kuichana ikasababisha kiharusi, hata kwa vijana. Haitokei mara nyingi, lakini ikitokea hakuna wa kumlaumu. Mwambie kinyozi, kwa adabu, kwamba nywele zinatosha. Na yule anayekanda na kuvuta mifupa mtaani, mwenye ganzi ya mikono au mwendo wa kuyumba asimpelekee shingo yake kabisa.

Kuna pia dawa za dukani. Mtu ananunua diklofenaki, anameza asubuhi na jioni, mwezi wa kwanza, wa pili, mwaka wa pili. Maumivu yanapungua, lakini tundu lililobana halipanuki kwa kidonge, na huku vidonda vya tumbo na figo vinaandaliwa.

Habari hii si ngeni katika Afrika. Mababu zetu Wasukuma na Wanyamwezi walikuwa wapagazi mashuhuri wa misafara ya karne ya 19 kwenda Bagamoyo, na mzigo wa kawaida ulikuwa frasila mbili hivi, yaani kilo 32 au karibu yake. Jina la Kariakoo pale Dar es Salaam lenyewe linatokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Hakuna aliyeandika shingo zao ziliishia vipi. Mwaka 1968 daktari L. F. Levy, aliyefanya kazi Salisbury, ambayo leo ni Harare, aliandika katika jarida la madaktari la Uingereza juu ya majeraha ya shingo kwa wanaobeba mizigo mizito kichwani, akayapa jina la shingo ya mpagazi. Baadaye madaktari walichunguza picha za shingo za wachukuzi wa kuni huko Kongo, wakazilinganisha na za wasiobeba, wakaona uchakavu zaidi kwa wachukuzi. Utafiti wa Ghana uliochapishwa mwaka 1994 ulionyesha mwelekeo huo huo. Kule Bangladesh kuanguka na mzigo kichwani ni miongoni mwa sababu zinazojulikana za watu kuvunjika uti wa mgongo.

Najua akina mama wananisikiliza na kujiuliza, basi ndoo ya maji tuibebe wapi? Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, na chini yake mara nyingi kuna mtoto mgongoni. Siwezi kusimama hapa nikawaambia waache kubeba maji wakati bomba halijafika. Nitasema tu kwamba mwanamke wa miaka 50 anayelalamika ganzi ya vidole si mvivu, na kwamba kujikwaa na ndoo kichwani ni ajali kama ajali nyingine, inastahili kusemwa kwa mganga wa zahanati.

Sasa kuhusu uzito. Mapendekezo ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 1967, namba 128, yanasema mzigo anaobebeshwa mwanaume mtu mzima usizidi kilo 55, na wa mwanamke uwe mdogo zaidi ya huo kwa kiasi kikubwa. Kanuni zetu za vipimo zinataka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Tumepiga kelele miaka mingi dhidi ya lumbesa, na ni vizuri, maana mkulima anaibiwa. Lakini katika kelele zote hizo tumemtetea mkulima na mfuko wake, hatujawahi kumtaja aliye chini ya gunia. Hata gunia lililofungwa kihalali la kilo 100 linakaribia mara mbili ya kile kilichopendekezwa zaidi ya miaka 50 iliyopita. Mimi sioni kwa nini mazao yasifungwe kwa kilo 50. Saruji inafungwa kwa kilo 50 na majengo hayajaacha kujengwa.

Na akiumia je? Tunao Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya mwaka 2008 na ambao ulianza kazi mwaka 2015. Ni jambo jema. Lakini kuli anayelipwa kwa gunia, leo kwa huyu, kesho kwa yule, mwajiri wake ni nani? Nani atakayejaza fomu ya taarifa ya ajali yake? Akija kudai akiwa na miaka 58, ushahidi kwamba aliteleza ubaoni akiwa na miaka 24 uko wapi? Vyama vya ushirika na wanunuzi wenye maghala wangeweza angalau kuweka daftari moja la ajali, lenye jina, tarehe na kilichotokea. Daftari si ghali.

Mzee mwenye dalili nilizozieleza aende hospitali, na akifika aseme habari ya zamani bila kusubiri kuulizwa. Daktari mwenye foleni ya watu 60 atasikiliza habari ya mikono, atafikiria mishipa ya kiganja, atampa dawa. Si kwamba ni hapa kwetu tu. Huko Israel, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kuwa wagonjwa wa aina hii walichelewa kwa wastani wa zaidi ya miaka 2 kabla ya ugonjwa wao kutambuliwa, na wengi walikwisha ambiwa kwamba tatizo ni la kiganja. Kwa hiyo sema: niliwahi kuanguka, mwaka fulani, shingo ikakaza siku kadhaa. Sentensi hiyo moja inaweza kumfanya daktari achukue nyundo yake ndogo na kugonga magoti.

Kuna jaribio dogo ambalo madaktari hulitumia, na mtu anaweza kulifanya nyumbani. Nyosha mkono, kunja ngumi kabisa, fungua vidole kabisa, rudia kwa haraka kwa sekunde 10. Mtu mwenye afya hufikisha mara 20 au zaidi. Anayeishia 12 au 13 asijiambie kuwa ni uzee, wala asijitangazie ugonjwa. Akapimwe. Inawezekana ni baridi yabisi, kisukari au jambo lingine kabisa. Na kama shingo inauma pamoja na homa za jioni, jasho la usiku na kukonda, kifua kikuu cha mifupa kipo nchini, nacho kina dawa.

Picha ya eksirei huonyesha mifupa, haionyeshi ile kamba yenyewe. Ikihitajika picha kubwa, mgonjwa atapewa rufaa kwenda Bugando Mwanza, au MOI Dar es Salaam, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1996. Wapo watakaotosheka na mazoezi na kuangaliwa kila baada ya miezi. Wapo watakaohitaji kupanuliwa tundu kwa upasuaji, na hapa ukweli usemwe: kazi kubwa ya upasuaji huo ni kuzuia hali isizidi kuharibika. Wengi hupata nafuu, lakini kamba iliyobanwa muda mrefu hairudi yote. Anayefika akiwa bado anashindwa vifungo tu yuko mahali pazuri kuliko anayefika amebebwa.

Jambo jingine ni kuanguka kwa mara ya pili. Mzee ambaye tundu lake limekwisha finyaa anaweza kujikwaa kizingitini, akapiga kidevu au paji la uso, kichwa kikapinda nyuma, mfupa usivunjike hata mmoja, na mikono ikalegea papo hapo kuliko miguu. Madaktari wamelijua hilo tangu mwaka 1954. Ndugu wakikuta hali hiyo wasimnyanyue kwa makwapa na kumpakia kwenye bodaboda kati ya watu wawili. Alazwe ubaoni, kichwa kishikwe kisitikisike, itafutwe gari. Na kwa wazee wote wenye mwendo wa kuyumba, taa ya chooni na kamba ya kushika njiani kwenda huko ni dawa tosha kwa bei yake.

Mwisho ni karatasi. Aliyepata ajali ya pikipiki na kuandikiwa PF3 atoe nakala na kuitunza. Aliyepigwa picha ya shingo zamani ajue kwamba daktari wa leo akiweka picha ya mwaka 1998 pembeni ya picha ya mwaka huu, ataona mengi ambayo mgonjwa hawezi kuyasimulia. Nimepita katika nyumba nyingi za mji huu na kuona filamu za eksirei zimetumika kuziba vioo vya madirisha vilivyovunjika. Kama ya kwako iko dirishani na bado inaonyesha mifupa, ibandue, ifute vumbi, tafuta kipande cha boksi ukiweke hapo badala yake.

Ndugu msikilizaji, tukutane wiki ijayo.